Mgeni Anayelipa



Mtu ashukaye jioni katika bandari ya Kalundu, au avukaye mpaka wa Kavimvira wakati magari ya kuendelea mbele yamekwisha kuondoka, hujiuliza neno moja tu: nitalala wapi? Uvira ni mji wa njia. Upande mmoja iko barabara itokayo Bukavu, ikishuka kwa Kamanyola na kukata uwanda wa Ruzizi. Upande wa pili iko barabara ya Baraka na Fizi. Mbele yetu ni ziwa pamoja na mashua za Kalemie. Na ng'ambo, karibu kabisa, twaona taa za Bujumbura. Mji wa namna hii haukosi wageni, wala si wote wawezao kulipa hoteli, wala si wote wenye ndugu mjini.

Ndiyo maana jamaa nyingi zimeona kwamba chumba kimoja kisicho na mtu chaweza kuleta sabuni, chumvi na karo ya watoto. Siku hizi simu imeongeza kazi hiyo: picha ya chumba yatumwa mbali, na mgeni aagiza kitanda kabla hajafika. Hapo maswali mawili yanazaliwa. La kwanza: Je, Mkristo aweza kumtoza mgeni fedha bila kuvunja amri ya mapendo? La pili: Chumba ni changu na mlango ni wangu, kwa nini basi niombe ruhusa ya serikali? Tutajaribu kuyajibu yote mawili, maana yanahusu amani ya nyumba zetu.

Mwenye nyumba wa Injili

Sote twaijua habari ya Msamaria mwema. Lakini mara nyingi twamsahau mtu mmoja katika habari ile, naye ni mwenye nyumba ya wageni. Msamaria alimfikishia mtu aliyejeruhiwa, akamlipa dinari mbili, na tena akaahidi kwamba akirudi atalipa gharama yo yote itakayozidi. Bwana wetu hakumlaumu mwenye nyumba kwa kupokea fedha zile. Alilipwa kwa sababu alipewa mtu wa kutunza, na hesabu yake ilijulikana.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: kupokea malipo ya haki si dhambi. Dhambi ni kupokea malipo na kumwacha mgeni pasipo ulinzi, au kumpandishia bei kwa sababu usiku umeingia na mvua inanyesha. Wazee wetu husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena husema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili hazipigani. Ya kwanza yatufundisha kwamba mgeni ni baraka. Ya pili yatukumbusha kwamba hata mgeni ana wajibu wake katika nyumba iliyompokea.

Ruhusa si jambo geni

Wengine hudhani kwamba ruhusa na karatasi zililetwa juzi tu. Sivyo. Mwaka 1858, Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, msafiri katika nchi hizi alijua kwamba hawezi kupita wala kupiga kambi bila kumwona mwenye nchi. Ndipo ilipotolewa hongo, ambayo zamani ilikuwa ushuru wa njia, kabla jina lake halijageuka kuwa jina la rushwa. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikuja kutazama Ruzizi, wakahakikisha kwamba mto huo waingia ziwani wala hautoki humo. Nao pia iliwapasa kupatana na machifu wa mwambao. Mwenye nchi alitaka kujua ni nani analala nchini mwake, naye akijua, alichukua dhamana ya usalama wake. Hiyo ndiyo maana ya ruhusa tangu zamani.

Yaliyotokea katika miji mingine

Yafaa tuangalie wengine walivyofanya. Mwaka 2007, vijana wawili katika mji wa San Francisco, Marekani, walikosa fedha za kodi ya nyumba. Wakati wa mkutano mkubwa hoteli zilipojaa, walitandika sebuleni magodoro ya kupulizwa hewa wakalaza wageni watatu kwa malipo. Kutoka hapo ilizaliwa kampuni iitwayo Airbnb, ambayo kwa njia ya intaneti inawakutanisha wageni na wenye vyumba ulimwenguni kote.

Mwanzo wake ulikuwa kama wa mama wa Uvira: mtu mwenye nafasi kidogo na haja ya fedha. Lakini jambo likikua hubadili sura. Matajiri walianza kununua nyumba nyingi wasizokaa wenyewe, wakaziweka kwa wageni wa siku mbili tatu, kwa kuwa mgeni hulipa kuliko mpangaji. Wenyeji wakaona nyumba za kupanga zinapungua na kodi inapanda. Ndipo miji ikaanza kutunga sheria.

New York ilitunga sheria yake mwaka 2022, na tangu Septemba 2023 inaitekeleza: mtu anayelaza wageni kwa muda usiofika siku 30 sharti aandikishwe na mji, sharti yeye mwenyewe awemo nyumbani, wala asipokee wageni zaidi ya wawili. Paris imempa kila mwenye nyumba namba yake, na tangu Januari 2025 nyumba mtu akaayo mwenyewe haiwezi kupangishwa kwa wageni wa kupita zaidi ya siku 90 kwa mwaka. Kabla ya hapo zilikuwa siku 120. Mji wa Barcelona ulitangaza mwaka 2024 kwamba ruhusa za nyumba 10,101 za namna hiyo hazitafanywa upya, ili kufikia Novemba 2028 nyumba hizo ziwarudie wenyeji.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki somo limekuja kwa machozi. Kenya ilikuwa na Sheria ya Utalii tangu mwaka 2011, nayo iliweka mamlaka ya kutoa leseni. Lakini wenye vyumba wengi hawakujiandikisha. Mwezi wa Januari 2024 wanawake vijana wawili waliuawa jijini Nairobi, kila mmoja katika chumba kilichokodishwa kwa siku chache. Tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya wanawake waliandamana kudai uhai wao ulindwe. Serikali nayo ikawaagiza wenye vyumba vya namna hiyo wote wajiandikishe na kupata leseni.

Tuangalie vema maana ya habari hizi. Barcelona na Paris zimetafuta kulinda makao ya wenyeji. Nairobi imetafuta kulinda uhai. Mambo haya mawili, makao na uhai, ndiyo yanayoipa serikali haki ya kubisha mlangoni pako na kuuliza. Chumba ni chako, lakini mtu anayelala humo si wako. Yeye ni wa Mungu, naye ana mama anayemngoja mahali fulani.

Njia ya kufuata kwetu

Tuseme yuko mama mjane katika mtaa wa Mulongwe. Ana vyumba vitatu. Kimoja ataka kukilaza wageni. Afanye nini? Twampa shauri hili, hatua kwa hatua.

Kwanza, aende kwa shefu wa avenyu na shefu wa mtaa, awaambie waziwazi kazi anayotaka kuifanya. Hawa ndio majirani wa kwanza wa serikali. Mtu akilaza wageni kwa siri, siku ya kwanza ya wizi mtaani ataonwa kuwa mficha wezi, hata kama hana kosa.

Pili, aende ofisi ya komuni. Kwa sheria ya mwaka 2008 ya ugatuzi wa utawala, komuni ni chombo chenye madaraka yake mwenyewe. Ndipo mahali pa kuuliza ni karatasi zipi zinatakiwa kwa kazi ya ukubwa huo. Biashara ndogo hapa Kongo huwa na patanti, kwa sheria ya tarehe 2 Agosti 1979. Biashara iliyo kubwa zaidi huandikwa katika daftari la biashara liitwalo RCCM, nalo linafuata kanuni za OHADA, umoja ambao nchi yetu iliingia mwaka 2012. Mjane mwenye chumba kimoja asijitie katika gharama za mwenye hoteli. Lakini mwenye nyumba ya vyumba kumi asijifiche nyuma ya patanti ya mjane.

Tatu, aonane na idara ya utalii na idara ya usafi. Asiidharau hii ya pili. Waganga wanajua kwamba Uvira ni mojawapo ya miji ambamo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Mgeni akinywa maji mabaya kwako, ataubeba ugonjwa mpaka Baraka au Bujumbura. Basi choo kiwe safi na chenye mfuniko. Maji ya kunywa yawe yametiwa dawa au kuchemshwa, yawekwe katika chombo chenye bomba. Na sabuni isikosekane mlangoni. Chandarua kizima ni bora kuliko pazia la maua.

Nne, awe na kitabu cha wageni. Humo aandike jina la mgeni, mahali alikotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho chake, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mkongo huonyesha kadi yake ya mchaguzi, ambayo kwetu hutumika kama kitambulisho. Mgeni wa nchi nyingine huonyesha pasi au hati ya kuvukia mpaka, na mwenye nyumba aulize DGM namna ya kumtangaza. Mwenye nyumba aandike namba kisha amrudishie mgeni karatasi yake. Si haki kuizuia kama rehani. Ndugu zetu wa Bujumbura wanaijua desturi ya kuandika watu wa nyumbani na wageni katika kaye ya nyumba. Lakini kitabu hicho si gazeti la mtaa. Kifungiwe sandukuni, kionyeshwe kwa mwenye mamlaka aliyejitambulisha, na kwa mtu mwingine ye yote kisionyeshwe. Katika nyakati za fitina, jina la mtu laweza kumwua.

Tano, akumbuke kodi. Tangu sheria ya tarehe 10 Februari 1969, mapato ya nyumba za kupangisha hulipiwa kodi, na siku hizi mapato hayo huenda katika mfuko wa jimbo. Aombe ofisini aonyeshwe kiwango kwa maandishi, asitosheke na maneno ya njiani.

Ninyi wanafunzi, hapa mnaweza kuwafaa wazazi wenu sana. Karatasi hizi zote huandikwa kwa Kifaransa, na mama wengi huona haya kusema kwamba hawakisomi. Wasomeeni kila mstari kabla hawajatia sahihi. Elimu isiyomsaidia mama kusoma karatasi yake mwenyewe ni taa iliyofunikwa chungu.

Hesabu ya mjane

Wengi hufikiri kwamba fedha yote inayoingia ni faida. Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme chumba kinalipwa franka 20,000 kwa usiku, na kwa mwezi kimelaza wageni siku 12. Zimeingia franka 240,000. Sasa tuondoe: maji, sabuni na makaa, 45,000, mfuaji wa mashuka, 40,000, akiba ya kutengeneza bati, kufuli na godoro, 30,000, akiba ya karatasi na kodi, 50,000. Jumla ya kuondoa ni 165,000. Faida ni franka 75,000.

Mama asiyetenga zile 50,000 atadhani ana faida ya 125,000. Atazila kwa furaha mwezi hata mwezi, na siku mkaguzi atakapokuja atauza godoro ili alipe faini. Si serikali iliyomfilisi, bali hesabu aliyokataa kuiandika.

Fedha isiyo na stakabadhi

Lakini twajua mtakalosema: "Mwatuambia tutii, na je, wale wanaokuja mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na ofisi yake, wakidai fedha bila karatasi?" Neno hili ni la kweli, nasi hatutaki kulifunika. Mjane aliyetozwa mara tatu kwa jambo moja ameonewa, na anayemtoza atajibu mbele ya Mungu.

Hata hivyo, dawa ya mtozaji mwongo si kujificha. Anayejificha ndiye anayetozwa kuliko wote, kwa kuwa hawezi kushtaki po pote. Dawa ni karatasi. Mtu akija, mwulize kwa heshima jina lake, ofisi yake na hati ya kazi aliyotumwa. Mwambie kwamba utalipa ofisini au benki, na kwamba huwezi kulipa bila stakabadhi yenye muhuri. Umwite jirani awe shahidi. Stakabadhi zote ziweke pamoja katika bahasha moja, kwa tarehe zake. Akizidi kukusumbua, usiende peke yako: peleka habari katika jumuiya yenu ndogo, na kwa kamati ya Haki na Amani ya parokia. Mama kumi wenye stakabadhi mkononi husikilizwa kuliko mmoja mwenye machozi.

Tena tusiwe sisi wenyewe watu wa kuanza. Yuko anayempa karani kitu ili apate karatasi kabla ya wenzake, kisha anarudi nyumbani kulalamika kwamba nchi imeharibika.

Watoto wa nyumba

Sasa tuseme jambo ambalo wazazi wengi hulikwepa. Chumba cha mgeni kimo ndani ya ua ule ule ambamo binti zenu wanalala. Msimtume binti peke yake kumpelekea mgeni maji ya kuoga au chakula chumbani. Ufunguo wa chumba usikae kwa mtoto. Kanuni za nyumba ziandikwe ukutani: saa ya kufunga lango, marufuku ya ulevi na kelele, na kwamba aliyeandikwa kitabuni ndiye anayelala, si rafiki aliyeletwa usiku wa manane.

Atakayetaka chumba kwa saa moja au mbili, mwonyesheni njia, hata kama analipa maradufu. Na akija mtu mzima pamoja na msichana au mvulana mdogo asiye ndugu yake, msikae kimya kwa ajili ya fedha. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yasema kwamba kila asiyetimiza miaka 18 ni mtoto, na yatulazimu sote kumlinda. Nyumba iliyopata ruhusa ya serikali lakini imeuza heshima ya mtoto haina ruhusa ya Mungu.

Mpangaji na mkimbizi

Mambo mawili yamebaki, nayo ni mazito.

La kwanza ni mpangaji. Bukavu ilipotekwa mwezi wa Februari 2025, serikali ya jimbo ilihamia Uvira, na pamoja nayo watu wengi. Wakati kama huo mwenye nyumba huingiwa na kishawishi: kumtoa mpangaji wa miaka, mwenye mke na watoto, ili amweke mgeni wa siku chache mwenye dola. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inayohusu nyumba za kupanga inamlinda mpangaji. Hata dhamana anayoweza kutozwa kwa nyumba ya kukaa haipaswi kuzidi kodi ya miezi mitatu. Lakini hata kama sheria ingenyamaza, dhamiri haiwezi kunyamaza. Ruhusa ya kulaza wageni si ruhusa ya kuwatupa wenyeji nje. Hilo ndilo lililoiliza Barcelona. Tusingoje mpaka lituLize na sisi.

La pili ni mkimbizi. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu makumi na kubomoa nyumba kwa maelfu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia sebuleni mwa watu. Desemba 2025 vita vilifika Uvira penyewe, na makumi elfu ya watu wakavuka kuingia Burundi. Katika siku hizo zote, waliobisha milango usiku hawakuwa wateja. Na wengi wetu tulilala katika nyumba za watu tusiowajua, ambao hawakutuuliza bei.

Basi kila mwenye chumba aweke mpaka moyoni mwake. Msafiri wa biashara, mtumishi wa kampuni, mtu aliyekuja harusini: huyo alipe malipo ya haki, aandikwe kitabuni, apewe stakabadhi. Lakini aliyekimbia maji au risasi si mgeni anayelipa. Huyo naye aandikwe kitabuni, kwa usalama wake na wako, ila mahali pa bei paachwe peupe.

Mwisho

Mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwaagiza watawa wake wampokee kila mgeni kama Kristo mwenyewe. Na hapo hapo aliweka ndugu maalumu wa kulinda mlango. Mapendo na utaratibu vilikaa nyumba moja. Navyo vyaweza kukaa katika nyumba ya matofali ya Kalundu au ya Kavimvira.

Baba na mama, katika juma hili fanyeni jambo moja: nunueni daftari, chorani mistari yake, na juu ya ukurasa wa kwanza andikeni tarehe. Kisha nendeni kwa shefu wa mtaa mchana kweupe. Atakayefika kwenu jioni amechoka, na vumbi miguuni, atakuta kitanda safi, maji salama, na mwenye nyumba asiyeogopa hodi ya mtu ye yote.

Mtakatifu Martha, aliyempokea Bwana nyumbani kwake Bethania, awaombee wote wanaopokea wageni.